Mifuko Minne ya Bujiku

Mzaramo na Msukuma ni watani. Mtani aweza kukunyang'anya kofia msibani ukaishia kucheka, na wewe ukikasirika, wazee wanakutoza mbuzi. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nilikwenda kuchimba dhahabu Geita, jiwe likanila vidole viwili, nikaona afadhali niwe upande wa wanaofunga vidonda kuliko wanaofungwa. Ndivyo nilivyofika Shinyanga mwaka 1951, kwenye darasa la madresa, yaani wauguzi wa zahanati, nikamkuta Bujiku, Msukuma.

Huyu alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande wa Kahama. Watu wa kwao walikuwa wamefyatua matofali wakajenga zahanati, wakaipiga kufuli, wakamtuma yeye aje asome, maana hakuna dresa mgeni aliyetaka kwenda huko.

"Nikirudi na cheti, kufuli inafunguliwa," alizoea kusema. "Nikirudi bila cheti, watalala mbuzi humo."

Mwalimu wetu, Dresa Donatus, hakuwa na maiti ya kutufundishia. Alikuwa na machinjio. Kila Jumamosi tulisimama kwenye damu na madaftari yetu, ng'ombe akipasuliwa.

"Moyo wa ng'ombe una vyumba vinne. Wa mtu?"

"Vilevile, mwalimu!"

"Mapafu mawili. Ya mtu?"

"Vilevile!"

Bujiku alitaja kiungo kabla kisu hakijakifikia. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta natapika. Siku ya tumbo, Donatus alituonyesha ng'ombe na mifuko yake minne ya chakula, kisha akaitwa wodini mbio. Hakurudi kutuambia habari za tumbo la mtu.

Kitabu tulikuwa nacho kimoja, cha Kiingereza, na mimi ndiye niliyekimudu kidogo. Jioni ya kuamkia mtihani, Bujiku alikuwa ameketi mbele ya mlima wa ugali kwa mlenda.

"Mtani, kitabu kinasemaje? Mtu naye ana mifuko minne?"

Nikautazama ule ugali. Ningefanyaje, jamani, na ulimi huu niliopewa?

"Minne," nikasema, uso mkavu. "Ila Msukuma ana mitano. Wa tano ni wa maziwa."

Akacheka mpaka mlenda ukamtoka puani. Nami nikacheka, nikaenda zangu kulala. Nilidhani amecheka yote. Kumbe alicheka ule wa tano tu.

Daktari Mzungu alikuja kutoka Mwanza kutusaili kwa mdomo, mmoja mmoja, wengine tukiwa kwenye benchi ukutani, marufuku kukohoa. Bujiku akatangulia. Mifupa akaitaja kama anaita ng'ombe zizini. Moyo, akaujibu. Damu, akaijibu. Donatus akaanza kutabasamu.

"Vizuri sana. Sasa, chakula cha mtu. Kinakwenda wapi kikishamezwa?"

"Kinaingia mfuko wa kwanza, Bwana Daktari. Ule mkubwa."

Kalamu ya daktari ikasimama. Moyo wangu, vyumba vyote vinne, ukasimama nayo.

"Halafu?"

"Halafu mtu akipumzika..." Hapo Bujiku alisita. Nikamwona anajitafuta mwenyewe, anajaribu kukumbuka kama amewahi kucheua kama ng'ombe. Kisha akaniamini mimi. "Akipumzika, kinarudi mdomoni kidogo kidogo. Ndiko kubeua."

Donatus akainamisha kichwa. Mimi nikasimama.

"Bwana Daktari, kosa ni langu. Nilimdanganya. Ni mtani wangu."

"Mtani? Ndugu yako?"

"Hapana, bwana."

"Adui yako?"

"Hapana, bwana. Ni..."

"Kaa chini." Hakufoka. Alimgeukia Bujiku kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Asiyejua tumbo la mtu siwezi kumpa dawa ya kumtilia humo."

Ungembishia nini? Ilikuwa kweli.

Nilimkuta Bujiku bwenini anafunga godoro lake kwa kamba.

"Nipige, Bujiku."

"Nikupige nitozwe mbuzi? Shika huku, vuta."

"Basi nikuombe radhi."

"Mtani haombi radhi, we Mzaramo. Hata hilo hukufundishwa kwenu? Vuta kamba."

Nikavuta. Mkono wa vidole vitatu haukazi fundo, akanisogeza akalikaza mwenyewe.

Majina yaliposomwa, mimi nilikuwa nimefaulu. Habari za kutapika machinjioni sikuulizwa. Donatus akanikabidhi barua ya kazi na ufunguo, bila kunitazama: zahanati ya kwao Bujiku. Nikamsihi anipeleke kwingine, kokote. "Kuna watu wanangoja pale tangu mwaka juzi," alisema. "Wewe unataka wamngoje nani?"

Nilifungua kufuli Jumatatu. Kibibi kimoja kikaingia kwanza, kikaketi, kikaniambia maneno mengi ya Kisukuma. Sikuambulia hata moja. Nikatazama nje. Bujiku alikuwa anapitisha ng'ombe.

"Mtani! Anasemaje?"

Akaja hadi kizingitini. Ndani hakuingia. Akamsikiliza bibi kwa makini, akamuuliza hili na lile, akamnyooshea kidole ajibonyeze hapa, hapa, na hapa.

"Tumbo, dresa. Siku nne. Linamkata akishakula."

"Ahsante."

"Mfuko wa ngapi, hilo sikumuuliza."

Akawageukia ng'ombe wake. Nikacheka, maana mtani sharti acheke. Lakini chupa ya dawa niliisoma mara tatu, kijiko kikiwa mkononi, mpaka bibi akakishika yeye, akajinywesha mwenyewe.