Sauti ya Jumatano

Jumatano ya mwisho ya Agosti, saa moja na nusu asubuhi, Priska aliweka mkasi wa kukatia zabibu juu ya kreti na kumwambia msimamizi wa shamba kwamba wanawake tisa wangeondoka saa nne. Msimamizi akauliza kama kuna msiba. Priska akasema hakuna msiba, wanakwenda mjini kupiga ngoma.

"Mashindano si Jumamosi? Nimesikia redioni."

"Ni Jumamosi. Ila ngoma zetu mjini huchelewa siku tatu."

Msimamizi alikuwa mwenyeji wa Makutupora na alilijua hilo. Akawaambia wakirudi wamalizie mistari miwili ya upande wa barabarani.

Kijijini, ngoma za kikundi cha Mshikamano zililia palepale zilipopigwa, kama ngoma za watu wengine. Mjini hazikulia. Wanawake walikaa, wakabana ngoma mapajani, wakapiga, ngozi zikatetemeka na vumbi likaruka, na uwanja ukabaki kimya kama wa shule wakati wa likizo. Baada ya siku tatu, saa ileile, sauti yote ilitoka mahali palepale walipokuwa wamekaa. Ndivyo ilivyokuwa, na hawakupoteza muda kuuliza kwa nini. Walikuwa na zabibu za kukata.

Walikuwa wameshindana mara tatu katika kombe la ngoma za watu wazima. Mara zote tatu majaji waliwapa alama za mavazi, alama za mpangilio na alama za nidhamu, na kwenye kisanduku cha sauti wakaandika sifuri. Na mara zote tatu, Jumanne iliyofuata, muheme wao, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ulitoka kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana za Kizota ukatikisa mabati ya mtaa mzima. Mafundi walizima mashine zao wakasikiliza. Mwaka wa kwanza, mwenyekiti wa kamati, Bwana Castory, alikuwa kwenye karakana mojawapo akichomelewa geti. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akamwambia fundi kwamba tangu azaliwe hajasikia ngoma za namna ile. Priska alipomfuata ofisini na barua ya rufaa, hakukana neno.

"Ni nzuri kuliko zote," alisema Castory. "Lakini fomu zilisainiwa Jumamosi, mama."

Kombe lilikwenda kwa Nyota ya Kati. Lilikuwa likienda kwa Nyota ya Kati kwa miaka kumi na tisa. Fundi aliyechonga majina ya washindi kwenye kitako cha kombe alichoka mwaka wa sita, na tangu hapo alichonga vialama viwili tu vya kuonyesha ni kama hapo juu.

Mkubwa kuliko wote katika Mshikamano alikuwa Restuta, mpigaji wa ngoma kubwa. Kanuni ziliruhusu wapigaji wa miaka kumi na minane hadi sitini na tisa, na Restuta angefikisha sabini mwezi Novemba. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda. Asubuhi alihitaji maji ya moto ili vikunjuke.

"Siombi kombe," alimwambia Priska mwezi wa sita, walipokuwa wakipalilia. "Nataka wanisikie nikiwa nimekaa mbele yao, wanione kwamba ni mimi. Kusikika Jumanne huku mimi niko shambani, hiyo ni kusikika kwa marehemu."

Neno hilo lilimkaa Priska rohoni. Usiku huohuo akaandika barua kuomba kikundi chake kipangiwe saa nane na nusu mchana. Aliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na ratiba ilipobandikwa ukutani ilisema: Mshikamano, saa nane na nusu. Kilichobaki ni hesabu ya siku.

Ndiyo maana Jumatano ile walishuka kwenye pikapu ya kreti za zabibu mbele ya uwanja wa Kizota, ngoma tisa na wanawake tisa, jua likiwa utosini. Mlinzi, aliyeitwa Zablon, aliuliza kama wana kibali. Priska akampa nakala ya barua. Zablon akausoma muhuri, akarudi kwenye kigoda chake.

Waliwasha nyasi kavu, wakazipasha ngozi moto. Wakakaa nusu duara, kila mmoja akachora mstari chini kwa kidole kuzunguka alipokaa. Saa nane na nusu kamili kwa simu ya Priska, kiongozi wa filimbi akapuliza, na filimbi haikulia. Wakapiga dakika kumi na mbili. Zablon aliona mikono ikipanda na kushuka, njuga zikiruka miguuni, jasho likiwatiririka mashavuni. Alichosikia ni pikipiki iliyopita barabarani.

"Mmemaliza?" aliuliza walipoinuka.

"Tumemaliza, baba."

"Basi Jumamosi nitasikia."

Akachukua ufagio akazoa majivu. Restuta alikuwa amechubuka kiganja, akakifunga kwa ncha ya kanga. Alikuwa akitabasamu. Njiani alisema kwamba kwenye mzunguko wa tatu alichelewa pigo moja, ila haidhuru, pigo moja watu hawalioni.

Jumamosi uwanja ulijaa. Palikuwa na hema la mgeni rasmi, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na maji ya chupa kwa wale wa mstari wa mbele. Mshikamano walifika saa saba, wakasimama pembeni na sare zao za kaniki na shanga. Saa nane na dakika ishirini Castory alishika kipaza sauti. Akasema mgeni rasmi ana shughuli nyingine na ataondoka mapema, kwa hiyo bingwa atapiga sasa, Mshikamano watapangiwa muda wao baadaye.

Priska alikwenda mezani kwake kwa hatua ndefu.

"Mwenyekiti, saa nane na nusu ni yetu. Barua hii, na muhuri wenu huu."

"Imepokelewa, ndiyo. Kupokelewa si kukubaliwa."

"Ratiba mmebandika wenyewe ukutani!"

"Mama Priska, mgeni hawezi kuondoka bila kumwona bingwa."

"Bingwa gani, na mashindano hayajaisha?"

Castory alimtazama kama mtu aliyeulizwa Jumapili huangukia siku gani.

"Sauti yetu iko pale chini," Priska alisema. "Itatoka sasa hivi, wao wakiwa wamekaa juu yake."

"Najua. Zablon alinieleza tangu Jumatano. Nikawauliza majaji." Castory alifungua faili akamwonyesha fomu, kwa upole kabisa. "Hapa juu wanaandika jina la kikundi kilichopo uwanjani. Fomu haiulizi sauti ni ya nani."

Nyota ya Kati walikuwa wameshakaa. Kiongozi wao, Batuli, mwanamke wa kijiji cha Busi aliyeolewa mjini, alipuliza filimbi na wakaanza kupiga, vizuri tu, kama watu wanaofanya kazi waliyoizoea. Saa nane na nusu, sauti ya Jumatano ikatoka ardhini.

Ilizimeza ngoma zao. Nguzo za hema zilitikisika, chupa za maji zikatembea mezani. Mgeni rasmi alisimama, na kila mtu akasimama kwa kuwa mgeni amesimama. Batuli aliinua mikono yake juu ya ngoma akaiacha hewani, na ngoma zikaendelea kulia. Wenzake wakamwangalia, kisha wakaendelea kupiga, maana picha zilikuwa zikipigwa.

Kule pembeni wanawake wa Mshikamano walijisikia wenyewe. Kila mmoja alitambua mikono yake. Kwenye mzunguko wa tatu pigo moja likachelewa, na Restuta akasema, "Ni mimi yule."

Kisha akaanza kutembea. Alivuka kamba, akapita mbele ya hema, akaenda mpaka pale alipokuwa amejichorea mstari Jumatano, kando ya Batuli. Batuli akasogea kumpisha. Restuta akakaa chini, akakunja kaniki mapajani, na bila ngoma akaanza kupiga, mikono yake ikishuka pale hasa sauti iliposhuka. Kwa muda wa pumzi kumi hivi, waliokuwa karibu waliona mkono na kusikia sauti kwa wakati mmoja.

Mgambo wawili walikuja. "Bibi, unaharibu onyesho," alisema mmoja, na wakamwinua kwa heshima, kila mmoja kwapa lake. Restuta hakuinuka kwa hiari, visigino vyake viliburura mifereji miwili kwenye vumbi. "Ni mimi huyo!" alisema. "Ninyi, ni mimi huyo!" Sauti yake ilifunikwa na ngoma yake mwenyewe, iliyoendelea kulia mahali alipotolewa.

Majaji waliwapa Nyota ya Kati alama za sauti thelathini kwa thelathini.

Mshikamano waliitwa saa kumi na moja kasorobo. Mgeni alikuwa ameondoka na watu walikuwa wakipanga viti kimoja juu ya kingine. Walikaa wakapiga kwa hasira, ngozi ya ngoma moja ikachanika, na hapakusikika kitu. Jaji aliyebaki aliandika sifuri huku amesimama.

Jioni Batuli alikuja walikokuwa wakifunga ngoma kwenye pikapu.

"Shikamoo, mama," alimwambia Restuta.

"Marahaba."

"Zilikuwa zenu. Mimi niliinua mikono, watu waone."

"Mikono ina mdomo?"

"Nilimwambia Castory. Akasema bingwa halalamiki."

"Na wewe ukakubali."

"Mama, nina watu ishirini na wawili nyuma yangu."

"Mimi niko peke yangu?" Restuta aliuliza. Akampa kisogo, akavuta kamba ya ngoma mpaka ikakatika. Batuli akarudi kwenye basi lao, ambako kombe lilikuwa limekalishwa kiti cha mbele.

Jumanne saa kumi na moja kasorobo hasira ya Mshikamano ilisikika Kizota. Ufa ulitokea kwenye ukuta wa choo cha uwanja. Mafundi walizima mashine, wakasikiliza, wakaziwasha tena.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata kamati iliwaandikia Mshikamano barua. Iliwashukuru kwa mchango wao katika mafanikio ya mwaka uliopita, na ikawaalika kufika uwanjani Jumatano ya wiki ya mashindano, saa nane na nusu, kupiga kwa dakika kumi na mbili. Chakula kingetolewa. Hapakuwa na haja ya kujaza fomu ya ushiriki. Barua ilikuwa imesainiwa na Castory, na chini yake palikuwa na mstari mtupu wa saini ya Priska.

Priska aliwasomea wenzake kwenye mistari ya zabibu. Alisoma mara moja tu.

"Wanataka sauti, watu wabaki nyumbani," alisema mmoja.

"Na chakula wametaja," alisema mwingine. "Wali, nadhani."

Restuta, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na kanuni hazikumruhusu tena kushindana, alisema, "Jumatano hiyo nina kazi." Wengine wakasema nao wana kazi. Priska hakutia saini. Jumatano ile walikata zabibu mpaka magharibi, na uwanjani Kizota Zablon alikaa kwenye kigoda chake peke yake, na wali ukapoa kwenye masufuria.

Jumamosi Priska na Restuta walikwenda kama watazamaji. Walikaa nyuma, juani. Saa nane na nusu Nyota ya Kati walipiga kwa mikono yao wenyewe. Ngozi zilikuwa hazijapashwa moto vya kutosha, filimbi ilitangulia, na upande wa kushoto walipotea njia mara mbili. Batuli alipiga akiwa ameinamisha kichwa. Mgeni rasmi wa mwaka huo alikuwa akiongea na simu.

"Zimelia ovyo!" Priska alisimama akasema kwa sauti. "Jamani, hamna masikio? Zimelia ovyo!"

"Kaa chini, mama, unatuziba," alisema mtu wa nyuma yake.

Jaji wa kwanza alikuwa ameshafunga kalamu yake. Castory alisoma matokeo: sauti, thelathini kwa thelathini, bingwa, kwa mwaka wa ishirini na moja, Nyota ya Kati. Watu wakapiga makofi. Restuta aliushika mkono wa Priska ili ajiinue, magoti yake yakalia, akakung'uta vumbi kwenye kanga.

"Kwa hiyo hata mwaka jana hawakutusikia," alisema.