Amepata Nafuu

Miguu ya Chiriku ilikuwa imeshaizidi mbeleko. Kila mama yake alipopiga hatua, visigino vya mtoto vilimgonga magotini, na mvua ya alfajiri ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Mama alikuwa dobi. Mgongo wake ulizoea kuinama, lakini beseni la nguo halimkabi mtu shingo, wala halimpigii soga njia nzima.

Chiriku hakunyamaza. Mtindio wa ubongo ulikuwa umemfunga viungo na kuuvuruga ulimi wake tangu kuzaliwa, na watu wengi hawakumwelewa. Mama alielewa kila neno.

"Leo n'tamwonyesha yule bwana wa ofisini."

"Utamwonyesha nini?"

Mtoto akachekea kisogoni mwake.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imejaa akina mama na watoto wao mapajani. Walikuwa wameitwa kwenye uhakiki: serikali ilitaka kujua kama watoto wanaopewa ruzuku bado ni walemavu.

"Labda wanadhani ni mafua," alisema mwanamke mmoja. Benchi zima likacheka kichovu.

Ruzuku yenyewe ilikuwa ya kushikia roho tu. Ilinunua nepi na dawa ya kifafa, ikamwezesha dobi kufulia uani kwake. Kabla ya hapo alikuwa akienda kufua majumbani mwa watu, akimfungia Chiriku ndani kwa kufuli. Siku moja alirudi akamkuta sakafuni, ameuma ulimi, damu imemgandia shavuni. Kifafa kilimjia akiwa peke yake. Mama hakujua kilianza saa ngapi, na hajapata kumuuliza.

Walipoingia, afisa alikuwa anasukuma kando kikombe cha chai iliyopoa.

"Anakula mwenyewe?"

"Namlisha, mheshimiwa."

"Haja?"

"Namfanyia kila kitu."

"Kusimama?"

Kabla mama hajajibu, Chiriku alikuwa ameshika ukingo wa meza. Miaka nenda miaka rudi, kila asubuhi, mama alimkanda kwa mafuta ya vuguvugu, akamwegemeza ukutani, mtoto akaanguka, naye akamwegemeza tena. Nyumbani Chiriku alikuwa amefikia kusimama huku ameshikilia kitu. Sasa aliinuka, magoti yakitetemeka, mate yakimtoka kwa juhudi, akanyooka. Halafu akaiachia meza.

Alisimama bila kushika kitu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Kigelegele kikamtoka mama kabla hajakumbuka yuko wapi. Mtoto akayumba, akamwangukia mapajani, na wote wawili wakacheka huku wakihema.

Afisa naye alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli. "Hongera, mama. Umefanya kazi kubwa." Akaigeukia kompyuta. "Amepata nafuu."

"Tunamshukuru Mungu."

"Namaanisha humu. Nachagua kati ya mawili tu: hawezi kusimama, au amepata nafuu. Aliyepata nafuu anatoka."

"Anatoka wapi?"

"Kwenye ruzuku, mama."

Mama alimtazama kama mtu anayesubiri utani uishe. "Mheshimiwa, amesimama kufumba na kufumbua! Hata hatua moja hajapiga. Nani atamvalisha nepi nikienda kufua? Akianguka kifafa, nani atamgeuza ubavu?"

"Naelewa."

"Basi usiandike."

"Mimi sikutunga utaratibu. Nimeona kwa macho yangu, na huko nje wamesikia kigelegele chako. Nikiandika vingine, kibarua changu kitaota nyasi."

Akabonyeza. Kisha akatupia jicho mlangoni, akashusha sauti.

"Kata rufaa. Ataangaliwa upya na mtu mwingine." Akamtazama Chiriku, naye akamkenulia meno, afisa akahamisha macho. "Siku hiyo asije na mbwembwe. Alegee. Umenielewa, mama yangu?"

"Nimekuelewa."

"Niitie anayefuata."

Njiani kurudi, Chiriku alisimulia tukio zima upya, mara hii akisema alisimama mpaka afisa akaogopa.

"Nimefaulu, mama?"

"Umefaulu."

"Siku nyingine n'tatembea. Watatupa hela nyingi."

Mama akakaza fundo la mbeleko kifuani.

Asubuhi iliyofuata hakupasha mafuta. Alitoka uani, akaloweka mashuka ya watu, akafua ameupa mlango mgongo. Nyuma yake alisikia mtoto akijiburura kwenye saruji, akihema, akijihesabia kwa ule ulimi wake mzito. Alipogeuka, Chiriku alikuwa ameshika ukuta, yuko nusu juu, macho yanang'aa.

Mama akamwendea, mikono ina mapovu mpaka kwenye viwiko. Akaweka kiganja begani mwake.

"Keti, mwanangu."

Chiriku akadhani ni mchezo. Akacheka, akajisukuma juu. Chini ya kiganja mama aliisikia nguvu ile, nguvu aliyoikanda kwa mikono yake mwenyewe, ikipanda.

Akaongeza uzito.

"Keti."