Kijito Hiki Siyo Ngitili

Scolastica alikuwa amepiga magoti topeni, anasimamisha shina la tete lililokanyagwa na kulishindilia udongo kwa kiganja. La pili halikuwa na mzizi tena. Akalitupa.

Yeye na majirani zake ndio waliozoa taka kwenye kijito hiki kinachokatiza Mpanda mjini, wakapanda matete na mikuyu, wakazungushia miiba. Mwaka huu ndege mnana walirudi kusuka viota. Leo asubuhi ng'ombe waliingia, na viota vilikuwa chini, vimekandikwa matope.

Mzee Masunga alisimama ukingoni, fimbo mabegani, ng'ombe wake nyuma yake wakicheua.

"Mwangaluka, mama," alimwamkia Kisukuma.

"Nani amefungua uzio?"

"Mimi." Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Na nyie mlichelewa. Majani yameshakomaa."

Scolastica akainuka. "Tuufungue kwa nini?"

"Si ngitili? Malisho mnayafunga masika, kiangazi mnafungua ng'ombe wale. Kwetu Usukumani hata mtoto anajua. Masika yote nimewafukuza mbuzi wa watu hapa. Mlinzi wenu nilikuwa mimi."

Kumbe. Hasira ya Scolastica ikakosa pa kushika, ikazidi kupanda.

"Hukuuliza?"

"Miiba imepangwa vizuri namna hii, niulize nini?"

"Viota uliviona?"

"Niliviona."

"Vilikuwa na makinda."

"Ndege si watajenga kwingine?"

"Wapi, mzee? Mji huu mzima, nioneshe ni wapi."

Hakupaza sauti. Masunga akatazama upande wa soko, mabati na mifuko ya plastiki, akaishusha fimbo.

"Basi nitaleta miiba."

"Utaleta, na utaisimika mwenyewe. Na asante ya ulinzi usiisubiri."

Masunga aliwarudisha ng'ombe nyumbani, akarejea na panga. Mpaka jua linazama alikuwa ameziba nusu ya pengo, mikono imechanika.

"Kesho namalizia," alisema.

"Na kesho unapanda matete."

"Mimi mfugaji, nipande majani?"

"Uliyamaliza."

"Wameyamaliza ng'ombe."

"Basi waje wapande wao."

Masunga alitaka kucheka. Alipoona uso wa Scolastica, akaacha, akaondoka.

Scolastica akayakusanya matete yaliyobaki na mizizi, akayafunika kwa gunia lililolowa yasikauke mpaka asubuhi.