Mwalimu Anashuka Baiskeli

Mkanda uliobaki ndani ya kamera ulikuwa wa dakika moja na nusu, na Ulimboka hakuwa mtu wa kukisia. Ukizungusha ufunguo hadi mwisho, kamera hukimbia sekunde ishirini na nane, kisha husimama. Kwa hiyo alikuwa na nafasi tatu. Mwaka huo wa 1974 ofisi yake ya Dar es Salaam ilikuwa imemtuma peke yake kwa mara ya kwanza, apige filamu ya elimu ya watu wazima. Karatasi ya maagizo ilitaka picha moja ambayo hakuwa ameipata: baiskeli ikipita msituni kwa raha, bila kusimama. Akirudi bila picha hiyo, safari nyingine angepewa mtu mwingine.

Alichagua njia ya miyombo upande wa Mikumi, pale jua la alasiri lilipofika chini. Mwendeshaji alikuwa Mwalimu Hildegarda, aliyepita hapo kila siku akienda darasani.

Mara ya kwanza alikuja vizuri, mgongo umenyooka. Alipokaribia mninga mkubwa akashuka, akakunja goti kidogo, akaikokota baiskeli hatua ishirini, ndipo akapanda tena.

“Mwalimu, mbona umeshuka?”

“Nimemwamkia baba mkwe.”

Ulimboka akatazama njia, mbele na nyuma. Palikuwa na majani makavu tu.

“Yuko wapi?”

“Ndugu Ulimboka, unataka nimnyooshee kidole baba mkwe?”

Mara ya pili Ulimboka alitega sikio. Mwalimu akashuka palepale, akasema, “Shikamoo, baba.” Sauti nzito ikajibu kutoka majanini: “Marahaba, mwanangu.” Ulimboka akaiacha kamera ikikimbia bure, akaenda chini ya mti. Juu aliona nyayo mbili, kamba, na mzinga mpya wa nyuki, wa gogo, ukining'inia.

“Shikamoo, mzee!”

“Marahaba. Ndiye wewe unayemsumbua mkwe wangu?”

Huyo alikuwa Mzee Cleopa, akitundika mizinga yake. Ulimboka akaeleza shida. “Mwambie apite tu, mzee. Umeshaamkiwa mara mbili leo.”

“Nimwambie mkwe wangu anipite amekaa? Mwambie wewe, usiye na haya.”

“Lakini wewe uko juu yake!”

“Hata nyani yuko juu yake,” alisema Mwalimu kwa ukali. “Mimi namheshimu mtu, siheshimu tawi.”

Mzee akacheka hadi mzinga ukayumba. Ulimboka hakucheka, alikuwa akitafakari.

“Na darasani? Wazee wakija, nani huanza kumwamkia mwenzake?”

“Darasani baba ndiye anayesimama ninapoingia,” alisema Mwalimu. “Ni mwanafunzi wangu. Safu ya mbele, anasoma hatua ya pili.”

Ulimboka akatoa karatasi ya maagizo mfukoni, akaisoma upya neno kwa neno. Ilisema baiskeli. Haikusema ya nani, wala nani awe juu yake.

“Mzee, unajua kuendesha?”

“Nimeendesha kabla baba yako hajaoa.”

Cleopa akateremka kwa kamba, akakung'uta magome kwenye suruali, akapokea baiskeli ya mkwewe. Ulimboka akazungusha ufunguo hadi mwisho.

Mzee alikuja polepole, magoti nje, kofia kisogoni, kivuli na jua vikipishana usoni pake. Penye mteremko aliacha kupiga pedeli, akaiachia baiskeli ijiendee. Alipompita Mwalimu pembeni mwa njia, Mwalimu akakunja goti. Ulimboka aliliona goti hilo ndani ya kioo, akajiuliza kama ofisi italikata. Hakuondoa jicho. Akahesabu hadi ishirini na nane, kamera ikasimama.

Mzee hakusimama. Alipinda kona, akapiga kengele, akapotea.

“Anakwenda wapi?” Ulimboka aliuliza.

“Darasani,” alisema Mwalimu Hildegarda, huku akikunja miguu ya kamera na kuibeba begani. “Tukaze mwendo, ndugu. Leo mwanafunzi atamkuta mwalimu hayupo.”