Mguu wa Kulia wa Mjomba

Mimi ni mtu niliyelelewa na bweni, mahali tunapofundishwa kunywa uji usio na sukari bila kukunja uso, kwa hiyo nitasimulia jambo hili kwa utulivu na adabu zote. Mjomba wangu ni mtu mwema. Anaswali, anapokea simu za watu wote, na hajawahi kumfokea mtoto wa jirani. Lakini ukicheza gemu la mbio za magari Mjomba akiwa chumbani, ni afadhali mara mia ukae na nyigu ndani ya shati.

Mjomba ni mwalimu wa udereva. Kazi yake ni kukaa pembeni mwa mwanafunzi, ambako gari la mafunzo limefungwa breki ya pili, ya mwalimu peke yake. Mwanafunzi akizubaa, mguu wa kulia wa Mjomba ndio unaookoa maisha ya watu. Shida ni kwamba mguu huo hauna habari kwamba saa za kazi zimekwisha. Akipanda teksi, anakanyaga. Bibi akisukuma kabati, anakanyaga. Na mimi nikishika usukani wa gemu sebuleni, naye yuko kwenye kiti chake pembeni yangu, anakanyaga zulia, hadi limetoboka tundu la ukubwa wa kisosi.

"Kona hiyo, mpwa wangu!"

"Mjomba, hili ni gemu."

"Kona ni kona."

Utajadiliana vipi na mtu kama huyo?

Na lile lilikuwa gemu la kuheshimiwa. Nimecheza mengi, bwenini kwa siri na likizoni kwa uwazi, kwa hiyo nisikilizwe. Yapo magemu yenye magari mia tatu yanayong'aa, ambayo ukigonga ukuta gari linadunda kama mpira na rangi haichubuki. Hayo si mbio, ni tangazo la biashara. Yapo mengine ambayo unamrushia mwenzako bomu ili umpite. Mchezo wa waoga. Gemu la kweli gari lake ni zito. Ukiingia kona kwa pupa unahisi tako la gari likitaka kutangulia mbele, na tumbo lako linajua kabla ya macho. Barabara zake ni chache, lakini unazijua kama ngazi za kwenu. Mvua ikinyesha humo ndani, unakuta umeinua mabega, nawe umekaa sebuleni pakavu.

Juu ya yote, gemu la kweli lina kivuli. Yaani mashine ya gemu inakumbuka dereva aliyewahi kupita barabara ile kwa kasi kuliko wote, na kila ukiendesha inakuletea gari lake, jepesi kama moshi, linakwenda mbele yako jinsi alivyokwenda siku ile. Huwezi kuligonga, huwezi kulizuia. Unaweza kulipita tu, kama unaweza.

Kivuli cha barabara ya mlimani kilikuwa cha Dada, na mimi sikuwa nimewahi kukipita.

Dada ni muuguzi. Zamu zake hazina adabu. Naweza kurudi likizo nisimwone siku tatu. Lakini kivuli chake hakiendi zamu. Nikiwasha mashine kinanisubiri pale pale kwenye mstari, nasi tunaondoka pamoja, na kwenye kona ya daraja kinaniacha bila hata kuaga. Nilikuwa nimekizoea. Nilikichukia, lakini nilikuwa nimekizoea.

Sasa likizo hii nikakuta Dada amepata kazi hospitali ya mbali, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana gari lingekuja kumchukua yeye na mizigo yake. Na mashine ilikuwa yake.

"Sasa mimi nitabaki na nini?" nilimuuliza.

"Utabaki na Bibi, Bweni." Hilo ndilo jina alilonibandika. "Umsomee magazeti."

"Dada, tafadhali. Niko chini ya miguu yako."

Akanitazama kama anavyotazama mgonjwa anayeomba sindano isiyouma. "Haya. Jumamosi asubuhi, barabara ya mlimani. Mimi mara moja, wewe mara moja. Ukinishinda, mashine inabaki. Nikikushinda, unaibeba mwenyewe mpaka garini. Na usilie."

Mtu wa kawaida angekwenda kufanya mazoezi. Mimi nilikwenda kufikiri, na hilo ndilo tatizo la elimu.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na pedali za usukani wetu wa zamani, ule uliovunjika. Breki yake bado ilikuwa nzima. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu la pili la waya. Na mashine, kiumbe kisicho na ubaguzi, haijali mguu ni wa nani. Breki ikikanyagwa, gari linashika breki. Ijumaa, watu walipokwenda sokoni, niliipitisha ile waya chini ya zulia na kuiweka pedali mbele ya kiti cha Mjomba, chini kabisa ya lile tundu la kisosi, nikatandika kitambaa juu yake. Dada angeendesha, Mjomba angeona kona, na mguu mtukufu ungefanya kazi yake. Zamu yangu ikifika, ningechomoa waya kimyakimya. Nililala usingizi wa watu wema.

Jumamosi tulikaa wote sebuleni. Mjomba kwenye kiti chake. Bibi kwenye kochi, na miwani yake ya mbali.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza Bibi.

"Mlimani, Bibi."

"Kufanya nini?"

"Kushindana."

"Si wangeshindania hapa chini, pasipo na hatari?"

Dada akashika usukani. Nami nikamtazama Mjomba mguuni, kama paka aliyeketi mbele ya tundu la panya. Kona ya kwanza ikaja. Mguu ukatulia. Kona ya pili, ya tatu. Umetulia! Dada alikuwa anapunguza mwendo mapema kidogo, taratibu, anaingia konani kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, halafu anatoka kwa kasi inayotia wivu. Mjomba alikuwa amekunja mikono, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu nilimfundisha mimi," alimwambia Bibi.

Mjomba, kanyaga! nililia moyoni. Miaka yote unakanyaga bure, leo ambapo zulia lina breki umeshikwa na subira?

Alikanyaga mara moja tu, kwenye kona ya mwisho, mbuzi wa gemu aliposogea kando ya barabara. Gari la Dada likasita, likaendelea. Alimaliza nyuma kidogo ya kivuli chake mwenyewe. Alinyanyuka, akaenda kuegemea kabati la televisheni, kiwiko kimetua sentimita chache kutoka kwenye waya yangu.

"Karibu, Bweni."

"Dada, huendi kufunga begi?"

"Nimeshafunga."

"Huna kiu?"

"Hapana. Kaa uendeshe."

Nikakaa. Ningefanyaje? Kuchomoa waya mbele yake ilikuwa kukiri. Nikajipa moyo kwamba Mjomba leo yuko katika hali nzuri.

Hakuwa. Nilipoondoka tu kwenye mstari, nikamsikia akivuta pumzi. Kona ya kwanza niliingia kama ninavyoingia siku zote, yaani kama mwanamume, na gari likashika breki katikati ya kona, likageuka likatazama tulikotoka.

"Mbona anarudi?" Bibi aliuliza. "Umesahau kitu, mume wangu?"

"Sijasahau kitu, Bibi!"

Nikaligeuza, nikaongeza mafuta. Kona ya pili, gari likasimama kabisa, kama limeona msiba unapita. Kivuli cha Dada kilikuwa kimeshavuka daraja.

"Mjomba, inua mguu!"

"Mguu gani? Mimi nimekaa zangu."

"Wa kulia! Inua tu, tafadhali, nakuomba!"

"Mguu wangu na gemu lako vinahusiana nini?"

Swali zuri. Kila mtu chumbani alilisubiri jibu lake, na Dada kuliko wote. Nikaendesha. Daraja, breki. Mteremko, breki. Mbuzi, breki mbili, moja ya mbuzi na nyingine ya kumwombea. Nilikuwa nakwenda mlimani kama mtu anayesukuma jokofu.

Ndipo Mjomba akainama mbele kidogo. Alikanyaga: gari likasimama. Akainua: gari likaenda. Akakanyaga tena, polepole, macho kwenye skrini, mdomo wazi.

"Linanisikia," alisema.

"Mama, tazama! Linanisikia!" Akakanyaga, akainua, akakanyaga, na gari langu likawa linachuchumaa na kuinuka katikati ya barabara kama askari anayeadhibiwa. Halafu akainama, akaondoa kitambaa, akaikuta pedali.

Nikamtazama Dada. Alikuwa anachunguza kucha zake.

"Nilizifunga nyaya zote za mashine pamoja Alhamisi," alisema. "Tangu jana kuna moja imetoroka. Nikasema niache nione inakokwenda."

"Ulijua! Na ukaendesha hivyo hivyo?"

"Miezi minne nimeendesha na mguu ule pembeni yangu, Bweni, kwenye gari la kweli. Haukanyagi kwa sababu ya mwendo. Unakanyaga ukiona dereva hajaiona kona. Ukiuonyesha kwamba umeiona, unalala."

Niliibeba mashine mpaka garini mwenyewe, kama tulivyokubaliana. Kivuli kilikuwa humo ndani, na sikulia, lilikuwa vumbi. Dada alinigonga kichwani kwa kifundo cha kidole, akapanda, na dereva hakuonyesha hata indiketa alipoondoka. Mjomba, pale kibarazani, alikanyaga.

Nikajiandaa kwa hukumu. Mjomba alirudi ndani akiwa ameishika ile pedali kwa mikono miwili, kama zawadi.

"Miaka yote hii," alisema, "nyumba nzima inanicheka. Wewe peke yako ndiwe uliyefikiri: huyu mzee hana breki, nimwekee."

"Mjomba, kusema kweli..."

"Usijishushe. Kijana anayekumbuka breki kabla ya mafuta yuko tayari. Kesho asubuhi, kwenye gari la mafunzo."

Kwa hiyo hivi ndivyo inavyokwisha likizo yangu. Kila asubuhi niko uwanja wa mpira, nyuma ya usukani wa kweli, kwenye gari lenye bango la MWANAFUNZI mgongoni, nikizunguka magoli kwa mwendo ambao jana mwendesha baiskeli aliyebeba tenga la kuku alitupita, akatusalimia, akaulizia afya ya Bibi, na alipofika mbele yetu alikuwa bado anangoja jibu. Kila nikisogelea kona ya uwanja, mguu unashuka na pua yangu inaelekea kwenye kioo.

Leo nilichoka. Nikaanza kupunguza mwendo mbali na goli, taratibu, nikageuza kichwa nikaitazama kona wazi wazi, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo. Nikaingia. Nikatoka. Nikaongeza mafuta kidogo tu, na gari, ninaapa, lilikuwa na uzito.

Nikatupa jicho chini. Kiatu cha kulia cha Mjomba kilikuwa kimelala juu ya zulia la mpira sakafuni, hakijagusa breki.

"Umeona, Mjomba?"

"Nimeona," alisema. "Hukuwasha indiketa. Rudia."