Duka la Asiye Ndugu

Mama alikuwa amebanwa na pumu tangu asubuhi, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Nikamkokota hadi kwa daktari wetu wa miaka yote, aliyezoea kumwita "mama mkubwa". Siku hiyo akamtazama kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Mgonjwa, kaa," akasema.

Nikapandwa na hasira. "Mgonjwa? Leo ndilo jina lake?"

Daktari akanikonyeza nitazame pembeni, alikoketi mkaguzi na fomu zake magotini. Kuna sheria mpya, akaeleza: daktari asimtibu ndugu yake, asimwelekeze mgonjwa kwenye duka la dawa la ndugu yake, na muuzaji naye asiwe ndugu wa mgonjwa. Ni ili watu wasiuziane wagonjwa. Hilo sikuwa na ugomvi nalo. Ugomvi wangu ulikuwa na mkaguzi, aliyeamua kwamba ndugu ni yeyote mnayeitana kwa jina la undugu.

"Duka la hapo mkabala?" nikauliza.

"La shemeji. Huyo wa kweli."

"La sokoni?"

"Yule namwita mjomba. Mkaguzi keshaandika."

"La stendi?"

"Dada." Akainamisha kichwa. "Tunataniana tu, lakini ndiyo hivyo."

Kifua cha mama kilikuwa kinapiga filimbi. Likabaki duka moja, nyuma ya posta, la mfamasia mgeni ambaye daktari hakuwahi hata kumsalimia. Daktari akaandika cheti cha dawa mbiombio. Mkaguzi akafuatana nasi, tena akamshika mama mkono njia nzima, kwa upole, mwanaharamu yule.

Mfamasia alikuwa msichana mwenye adabu zake. Dawa alikwisha kuishika alipomwona mama akiegemea kaunta.

"Jamani, shikamoo mama!"

Mkaguzi akachomoa kalamu. Nilitaka kulia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Bado," akasema. "Salamu isiyoitikiwa haihesabiki."

Nikamshika mama mashavu. "Mama, nakuomba, usiitikie. Leo tu. Tazama ukutani, jifanye huna adabu."

Akanikazia macho. Huyu ndiye aliyenichapa utotoni kwa kupita wakubwa kimya. Nilikuwa naogopa kweli, midomo yake ilishaanza kubadilika rangi. Akaweka viganja juu ya kaunta, akakusanya pumzi yote iliyokuwa imebaki.

"Marahaba," akasema, "mwanangu."