Kiti Kisicho na Breki

Kiti changu hakina breki. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu anayedhani kazi yangu ni ya kukaa tu. Magazeti hutuita wasoma ramani, ingawa ramani yenyewe siigusi. Mimi nakaa kando ya dereva wa mbio za magari, daftari mapajani, namsomea barabara kona kwa kona kabla hajaiona: kushoto kali, mita themanini, kulia nyepesi, usikate, kuna jiwe. Yeye ana usukani na pedali tatu. Mimi nina mdomo. Akinisikia tunafika. Asiponisikia, binti yangu wa miaka tisa atalelewa na bibi yake.

Kwa hiyo mniwie radhi kama nina hasira ninaposimulia habari za Bingwa.

Alijiunga na timu yetu siku ya Jumatatu, na helmeti iliyochubuka rangi, na miaka hamsini na saba. Mataji saba. Timu yake ya zamani ilimpa saa ya ukutani na kumpungia mkono. Mama Matairi, mwenye timu yetu, ambaye alianza maisha kwa kuziba pancha kwa mikono yake mwenyewe, alimpokea kama mkwe. Bila jina la Bingwa tusingekubaliwa hata kuegesha kwenye mashindano yale, na sote tulilijua hilo. Mke wake ndiye aliyemsomea kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mgongo ukagoma na daktari akamkataza kupanda gari la mbio. Sasa zamu ilikuwa yangu.

"Mdogo wangu," Mama Matairi aliniambia, "mtunze huyu mzee kama yai."

"Yai haliendi kilomita mia na sabini kwa saa, dada," nikamjibu.

Kesho yake, Jumanne, tuliipita njia ya mashindano polepole, mara moja tu kama kanuni inavyotaka, yeye akitaja kona na mimi nikiandika. Niseme ukweli, sijawahi kuona kichwa cha namna ile. Wakati wa chai aliniambia kona ya thelathini na moja ina kisiki upande wa ndani. Nikafungua daftari, kisiki kipo. Nikamtajia ya sitini na mbili, akaniambia rangi ya udongo wake. Nilifurahi. Nilijiambia safari hii nimepata dereva.

Siku ya majaribio, kwenye kipande kilichotengwa cha njia ileile, fundi alinivuta pembeni akifuta mikono kwa kitambaa. "Bingwa kaniomba nipandishe sauti ya spika za helmeti yake mpaka mwisho. Nimeijaribu mwenyewe, masikio yanavuma hadi sasa. Huyo mzee anataka kusikia siafu wakitembea?"

Nilicheka. Kicheko kiliniishia kwenye kilomita ya pili.

Alikuwa anaendesha vizuri mno, ila hakuwa anaendesha kile nilichosoma. Nikichelewa kusoma, yeye hachelewi. Nikiwahi, hawahi. Nikaamua kumpima. Tulipofika kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, injini ikiwa juu kabisa, nikasoma kwa sauti ileile ya kazi: "Vitunguu kilo mbili. Sabuni ya kufulia. Viberiti, usikate. Mafuta ya taa, mita mia."

Bingwa akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimefungwa mikanda kifuani na kiunoni, kando ya mtu asiyesikia hata neno langu moja, anayeendesha kwa kukumbuka. Niliendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua la kufanya jingine, na mistari ikanipotea mara mbili. Hakujua kwamba imenipotea.

Alipozima injini sikufungua mlango. "Una muda gani?" nikamuuliza.

"Muda gani wa nini?"

"Nimekusomea vitunguu, Mzee. Vitunguu na sabuni. Ukaniitikia."

Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Sikio la kulia, miaka tisa. La kushoto linasikia mtu akiongea hivi, tukiwa tumekaa. Injini ikipanda, basi."

"Na mama, mkeo, alikuwa anakusomeaje?"

"Alikuwa ananigonga gotini. Mara moja kushoto, mara mbili kulia. Kiganja kizima, breki. Hakuna anayejua. Hata watoto wetu hawajui."

Nilitamani kumzaba kibao, na umri wake wote. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba safari hii kingetuumbua wawili wakati mficha ni mmoja. Hakubisha. Alisema tu, "Mashindano haya moja, binti yangu. Nimalize nikiwa naendesha. Nisishushwe kama gunia."

Mtu mwenye akili angeshuka pale pale. Mimi nilibaki. Nilijidanganya kwamba nabaki kwa ajili ya Mama Matairi, lakini wacha niseme wazi: nilitaka kushinda. Miaka kumi na mbili nasomea madereva wa nafasi ya sita na ya nane. Nilitaka kujua juu kunafananaje.

"Tukimaliza, mdomo wako ndio utakaomwambia Mama Matairi," nikasema. "Ukiyameza maneno, mimi nitayatapika."

Akanipa mkono. Kisha akaanza kunifundisha. Siku mbili nzima tulikaa ndani ya gari lililozimwa, nikisoma na kugonga, kugonga na kusoma, mpaka fundi akachungulia dirishani. "Nyie mnapigania nini humo?"

"Namuua mbu," nikamwambia.

"Siku ya pili leo? Mbu gani huyo hafi?"

Mashindano yalikuwa ya siku mbili. Ya kwanza ilipita na roho yangu mkononi. Jioni yake kiganja changu kilikuwa chekundu na goti lake limevimba, lakini ubaoni jina letu lilikuwa juu kwa sekunde tisa. Mama Matairi alilia. Bingwa alikula kidogo, akaenda kulala. Asubuhi niliposalimia hakugeuka. Nikadhani ni wasiwasi wa mashindano.

Siku ya pili ilikuwa na hatua moja tu ya kupimiwa muda, ndefu, ya mwisho. Gari lililotutangulia liliondoka dakika mbili kabla yetu, na hapakuwa na hata chembe ya upepo. Vumbi lake lilibaki limetanda barabarani. Kuanzia kilomita ya tano tulikuwa hatuoni kitu zaidi ya boneti yetu. Bingwa hakupunguza. Niligonga, akakunja, niligonga mara mbili, akakunja kulia, na miti ikapita karibu kiasi kwamba matawi yalikwaruza mlango wangu. Nilimwogopa, nikamchukia, na nikakiri moyoni kwamba dereva kama huyu sitampata tena.

Kilomita ya kumi na nne kuna mwinuko. Daftari lilisema: mwinuko, kulia nyepesi, kasi yote. Kichwa chake nacho kilisema hivyo hivyo. Tulikuwa tunaupanda, mguu wake umekanyaga mafuta mpaka sakafuni, nilipomwona upande wangu mtu mwenye helmeti anachomoza kwenye vumbi, anakimbia kandokando ya barabara, ameinua kibao chekundu cha kusimamisha magari.

Kibao kile hakikuwa kwenye daftari. Hakikuwa kichwani mwa Bingwa.

"Simama!" nilipiga kelele, ujinga mtupu, kwa kiziwi. Ndipo nikaliachia daftari na kumpiga gotini kwa kiganja kizima.

Mguu haukutoka. Alijua barabara ile iko wazi. Aliiona kwa macho yake Jumanne. Nikampiga tena, kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu, na nikaona shingo yake ikikaza, kama ya mtu anayeambiwa kwamba anachokikumbuka si kweli.

Akafunga breki. Gari likaenda upande, likafagia changarawe, likavuka mwinuko kiubavu na kusimama. Mbele yetu gari lililotutangulia, lile la mwenye kibao, lilikuwa limelala kwa paa katikati ya barabara, na dereva wake amekaa chini mbele yake, ameshika mguu uliovunjika, anatutazama. Baadaye nilihesabu hatua kutoka taa yetu hadi kwake. Zilikuwa nne.

Gari la wagonjwa lilikuja. Msimamizi akatangaza kwamba hatua imefutwa na muda wa jana ndio utakaohesabika. Nilimfuata Bingwa, nikasimama mbele ya uso wake ili aone midomo. "Tumeshinda, Mzee. Kwa sekunde tisa."

Hakutabasamu. "Ulipiga kelele kule juu?"

"Mpaka koo limekauka."

"Sikusikia." Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa mno. "Na injini sijaisikia tangu asubuhi. Hata sikio la kushoto limekwenda."

Alizunguka gari, akafungua mlango wangu, akaketi kwenye kiti changu na kujifunga mikanda. "Endesha wewe," akasema.

Nikaendesha. Kilomita kumi na moja hadi kambini, polepole, wala hakukuwa na sababu ya haraka. Kwenye kila kona nilisikia kishindo kidogo upande wake, na mwishowe nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu tupu.

Mama Matairi alitukimbilia na shada la maua, fundi nyuma yake anapuliza filimbi. Waliponiona mimi kwenye usukani wakapunguza mwendo. Bingwa alishuka, akavua helmeti, akamwambia mbele ya watu wote, "Mama, mimi kiziwi. Leo nusura niue mtu, na huyu binti pamoja naye."

Filimbi ikanyamaza. Mama Matairi aliuliza kitu kwa sauti ya chini, shada bado mkononi. Bingwa akanigeukia mimi.

Nikaokota daftari sakafuni mwa gari, nikaandika chini ya kona ya mwisho: *Anauliza, tangu lini?* Nikampa. Alilisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari, kisha akamgeukia Mama Matairi na kumjibu.